Nikasome mipangomiji Ardhi au Dodoma? Jibu kwa binti wa Makorora

Swali: Shikamoo. Mimi ni binti, naishi Makorora hapa Tanga. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa EGM, nimepata Jiografia C, Uchumi D na Hisabati E. Tangu zamani napenda mambo ya kupanga miji. Baba anataka niende Chuo cha Mipango Dodoma kwa sababu shahada ni ya miaka mitatu na shangazi anaishi huko. Mjomba anasema bila Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam hakuna mipangomiji, nitakuwa nimepoteza muda. Jirani naye katuletea kijana anayesema anaweza kunipatia nafasi chuo cha nchi jirani kwa bei nafuu. Nichague kipi? Na nikimaliza, kazi zipo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kumaliza. Matokeo yako si ya kuona haya, nitayarudia.

Kwanza baba na mjomba. Wanaonekana kubishania chuo, kumbe kila mmoja anakutakia kazi tofauti. Nenda halmashauri yoyote, iwe Jiji la Tanga, Muheza au Korogwe, utamkuta Afisa Mipango na utamkuta Afisa Mipangomiji. Wananchi kila siku wanakosea mlango. Afisa Mipango kazi yake ni bajeti ya halmashauri, miradi, takwimu na taarifa za utekelezaji: zahanati ipi imaliziwe mwaka huu, fedha za madarasa zimeishia wapi, kata ipi bado haina maji. Meza yake imejaa majedwali. Afisa Mipangomiji anashika ardhi yenyewe: barabara ipite wapi, viwanja vikatwe vipi, soko likae upande gani, nani anaomba kiwanja cha makazi kiwe cha biashara, nani kajenga ukuta juu ya njia ya watu. Meza yake imejaa michoro, na nje ya mlango wake kuna benchi ambalo halikosi mtu mwenye malalamiko.

Chuo cha Mipango Dodoma kiliundwa hasa kwa ajili ya yule wa kwanza. Chuo Kikuu Ardhi ndicho nyumbani kwa yule wa pili. Fani za vyuo hivi zinakaribiana na masomo mengine yanaingiliana, lakini mzizi wa kila kimoja uko pale.

Sasa jipime mwenyewe. Unapotoka Makorora kwenda Ngamiani, macho yako yanaona nini? Zile barabara za namba zimenyooka na kukatana kwa pembe mraba, na mgeni aliyeshuka leo akiambiwa nyumba iko barabara ya 12 anafika bila kuulizauliza. Ukienda pembezoni, kule watu walikojenga kabla mchoro haujafika, njia inaanza pana, inabanwa na ukuta, inakuwa uchochoro, halafu inafia kwenye choo cha mtu. Kama swali linalokujia ni kwa nini hapa pako hivi na kule vile, na pangenyooshwaje bila kuwavunjia watu nyumba zao, wewe ni wa mlango wa mipangomiji. Kama swali lako ni kwa nini mtaa huu una zahanati na ule hauna, na vijana wa huku wanaishi kwa kipato gani, basi baba yako yuko sahihi kuliko anavyojua mwenyewe, maana yeye naona aliangalia miaka mitatu na kitanda cha shangazi tu.

Kwa ulivyoandika, nakuona upande wa michoro. Kwa hiyo nitakaa zaidi huko.

Ardhi ilianza mwaka 1956 kama kituo kidogo cha kufundishia wapima ardhi Dar es Salaam. Miaka ya 1970 ikawa Chuo cha Ardhi. Mwaka 1996 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wakongwe wa fani hadi leo utawasikia wakiita UCLAS, kifupi cha jina lake la Kiingereza la wakati huo. Mwaka 2007 ikasimama kama chuo kikuu kamili. Wataalamu wengi wa mipangomiji unaowakuta halmashauri na wizarani wamepita pale, kwa sababu kwa muda mrefu hapakuwa na pengine pa kwenda. Mjomba wako anasema kutokana na historia hiyo, na ana haki yake. Shahada ya mipangomiji na mikoa pale ni ya miaka minne.

Mwaka ule wa nne baba anauona kama gharama. Mimi nauona kama studio. Nieleze, kwa sababu ndicho kitu kimoja ambacho ningekitazama kuliko jina la chuo, majengo na hata umaarufu wake.

Studio ni chumba chenye meza kubwa, na hapohapo ndilo somo lenye uzito kuliko yote. Mnapewa eneo la kweli lenye watu ndani yake. Mnakwenda mkiwa kundi, mnapita nyumba kwa nyumba mkiandika: hii ya kuishi, hii ina duka mbele, hii inapangishwa vyumba sita, hapa kuna kisima, hapa makaburi, hapa maji hutuama kila masika. Mnarudi na kuingiza yote kwenye ramani. Kisha mnaanza kupendekeza, na siku ya kutetea unasimama mbele ya walimu na karatasi yako imebandikwa ukutani. Mazungumzo huwa hivi:

"Hii barabara umeipa upana gani?"

"Mita 12."

"Na hizi nyumba nne zilizo juu yake?"

"Zitaondolewa, halmashauri italipa fidia."

"Kiasi gani?"

Hapo mwanafunzi huanza kukuna kichwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na halmashauri nyingi hazina fedha hiyo. Mwalimu hajamaliza. "Barabara yako inapita bondeni kwenyewe. Maji ya mvua yatapita wapi?" Mwanafunzi anaikunja karatasi, anarudi mezani kuchora upya hadi usiku. Ukishapigwa maswali ya namna hiyo miaka minne mfululizo, siku mwenyekiti wa mtaa akikuuliza jambo lilelile mbele ya watu mia kwenye mkutano, hutatetemeka. Kitu hicho hakisomwi kwenye madesa. Anayekiuza kwa kozi ya mihadhara mitupu anakuuzia jina la shahada.

Nikupe mfano wa hapa kwetu. Stendi ya mabasi ilipohamia Kange, kwenye ramani ni alama imetoka pale na kwenda hapa. Ardhini, mama lishe walihama, bodaboda walihama, wenye nyumba za wageni wakaanza kupiga hesabu upya, na daladala zikahitaji njia ambayo awali haikuwa na abiria. Viwanja vya jirani vilibadilika matumizi kabla hata mtu hajaomba kibali. Mwanafunzi mzuri wa studio, ukimwambia stendi inahama, anauliza kwanza nani atahama nayo. Chuo kinachokufundisha kuuliza hivyo ndicho unachokitafuta.

Pia mji unaozunguka chuo ni maabara ya pili. Dar es Salaam umepangwa mara kadhaa: kuna mpango wa mwaka 1949, wa 1968 na wa 1979, na bado sehemu kubwa ya watu wake wanaishi katika maeneo yaliyojengwa bila mpango. Ukiwa mwanafunzi pale utatembelea Sinza, iliyokatwa viwanja vya miradi ya miaka ya 1970, uone namna ramani ya kiwanja kidogo ilivyogeuka mji wa maghorofa na baa. Utakwenda Manzese uone mji uliojipanga wenyewe. Utaona pia maeneo ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 na ujiulize kwa nini baadhi ya waliolengwa waliuza viwanja na kurudi kupanga vyumba mjini. Hakuna mji mwingine nchini wenye makosa mengi ya kujifunzia kwa nauli ya daladala.

Dodoma nayo usiidharau, na hapa nitamkosoa mjomba. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichopo Miyuji, kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupewa sheria yake mwaka 1980, na kina tawi Kanda ya Ziwa. Kina shahada ya mipango ya maendeleo ya mikoa, na kina shahada ya maendeleo ya miji na usimamizi wa mazingira. Nguvu yake ni vijijini. Wanafunzi wake hupelekwa kukaa na wanakijiji, kuandaa mipango nao, kusikiliza mzee wa kijiji akipinga takwimu zao. Kwa nchi hii hiyo si kazi ndogo. Angalia mkoa wetu wenyewe: Handeni na Kilindi, wakulima na wafugaji wanagombania bonde lilelile, na dawa inayotajwa kila mara ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Anayekaa na kijiji kukubaliana hapa mashamba, hapa malisho, hapa njia ya mifugo kwenda mtoni, hapa makazi, hapa msitu usiguswe, anafanya mipango halisi kuliko mtu anayerembesha michoro ya mjini. Kuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 kwa ajili hiyo, na kuna Tume ya Taifa inayosimamia kazi hiyo tangu mwaka 1984.

Na mji wa Dodoma wenyewe ni darasa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ulifanyika mwaka 1973, mamlaka iliyoustawisha mji ikavunjwa mwaka 2017, na sasa mji wa Serikali unasimama Mtumba. Mwanafunzi mwenye macho anajifunza mengi akiwa amekaa tu kwenye basi.

Kwa nini basi nisikwambie chagua chochote? Kwa sababu ya Bodi. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, na ikaundwa bodi ya kusajili watu wa fani hii. Ndiyo inayoamua nani ajiite mtaalamu wa mipangomiji aliyesajiliwa, nani afungue kampuni ya ushauri na kusaini michoro. Mhitimu hasajiliwi siku ya mahafali; anapitia kipindi cha kufanya kazi chini ya uangalizi wa aliyesajiliwa. Na mlango wa kuingilia ni aina ya shahada yako.

Kwa hiyo fanya hivi kwa kila chuo, Ardhi, Dodoma au kingine chochote: chukua jina kamili la shahada kama lilivyoandikwa kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), uiandikie Bodi uwaulize mhitimu wa shahada hiyo anasajiliwa daraja gani. Jibu likija kwa maandishi, litunze. Usikubali jibu la mdomo kutoka kwa mtu wa ofisi ya udahili ya chuo, maana yeye kazi yake ni kujaza viti. Nasisitiza jina kamili kwa sababu hata ndani ya Ardhi kuna shahada ndugu: mipangomiji na mikoa, mipango ya maendeleo ya mikoa, na mipango ya makazi na miundombinu. Majina yanafanana, kazi zinazofuata hazifanani. Kila mwaka kuna mtoto wa mtu anajaza ya pili akidhani ni ya kwanza.

Matokeo yako sasa. Katika hesabu ya TCU, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sharti la chini la shahada ni prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo yanayotakiwa na kozi husika. Jiografia yako na Uchumi zinakupa 5. Umevuka mstari wa chini. Lakini kuvuka mstari na kupata nafasi ni mambo mawili, kwani kwenye kozi zenye waombaji wengi wanaanza kuchukua wa juu. Soma mwongozo wa mwaka huu, ule wa waliomaliza kidato cha sita (kuna mwingine wa wenye stashahada, msiuchanganye), utazame masomo yanayotakiwa, miaka ya kozi na idadi ya nafasi.

Hiyo E ya Hisabati isikutie hofu, ila usiitupe. Mipangomiji haina hesabu za kutisha, ina hesabu za kila siku: uwiano, asilimia, skeli, makadirio ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na ongezeko la mwaka lilikuwa asilimia 3.2. Kuna njia ya haraka ya kukadiria: gawa 70 kwa asilimia ya ongezeko. Ukigawa 70 kwa 3.2 unapata takribani miaka 22 ya idadi kuongezeka maradufu. Sasa chukua kata yako ya Makorora, jiulize wale watu wa ziada watalala wapi, watoto watasoma wapi na maji machafu yataelekea wapi. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Kuyabeba majibu yake ndiko kugumu.

Ikitokea nafasi ya Ardhi imekosekana, kuna njia ya kuzunguka. Vyuo vya Ardhi vya Morogoro na Tabora vinatoa astashahada na stashahada za mambo ya ardhi. Ukimaliza stashahada kwa wastani wa GPA 3.0 au zaidi, unaomba shahada kwa mlango ule mwingine. Miaka inaongezeka, kweli. Lakini aliyepitia huko anaingia chuo kikuu akiwa ameshika vifaa tayari, na kwenye studio wenzake ndio wanaomfuata kuuliza. Ningeichukua njia hiyo kabla ya kwenda kusoma kozi nisiyoitaka ili tu niitwe msomi wa shahada.

Kijana wa jirani. Nchi jirani zina vyuo vya heshima vinavyofundisha fani hii: Nairobi, Maseno na Makerere si vya kubeza, na sisi wa Tanga kuvuka Horohoro si safari ya ajabu. Ila kuna mambo matatu. TCU inataka Mtanzania anayekwenda kusoma nje aombe kwanza cheti cha kutokuwa na pingamizi, na ukirudi shahada yako itapitia utambuzi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo usiuweke kwenye bajeti ya huko. Na la tatu watu hawalisemi: mipangomiji ni fani iliyofungwa na sheria za nchi. Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, mwananchi anapewa haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au hadi 99. Kenya wana umiliki binafsi wa kudumu na sheria yao ya mipango ya mwaka 2019. Utakayoyasoma kule kuhusu sheria utalazimika kuyasoma upya hapa. Kwa shahada ya pili ningekwambia nenda, uone dunia. Kwa ya kwanza, soma sheria za nchi utakayoifanyia kazi.

Kuhusu kijana mwenyewe, hata sitazunguka. Maombi ya shahada siku hizi yanafanywa moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo, wewe mwenyewe, na hakuna nafasi inayonunuliwa kwa mtu wa kati. Mwulize jina la chuo na jina la kozi, umwambie utaomba mwenyewe. Akianza kusema muda unakwisha na anahitaji kianzio leo, mwambie baba amtoe nje kwa heshima. Vishoka wa udahili wanajua sana kucheza na haraka ya mzazi.

Sasa namna ya kukikagua chuo. Brosha haisemi kitu. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu, hata kwa simu, umwombe akutumie picha ya kazi yake ya mwisho ya studio. Kama anakutumia picha ya mahafali ya kaka yake, umepata jibu. Mwulize mara ngapi wamekwenda eneo la kazi mwaka huo, nani alilipia usafiri, na wakati wa mafunzo kwa vitendo nani alikuja kuwakagua. Mwulize kama chumba cha kompyuta kinafunguliwa jioni na kama plota inafanya kazi au wanakwenda kuchapa michoro mjini kwa fedha zao. Mwulize wangapi walidisko, yaani walifeli wakaondolewa chuo, mwaka wa kwanza na kwa somo gani. Wanafunzi hawana sababu ya kukuficha, na utashangaa wanavyopenda kulalamika. Angalia na walimu: je, wamo waliosajiliwa na Bodi, wenye kufanya kazi za kweli nje ya darasa?

Fedha, nitasema kwa ufupi kwa kuwa baba yako analijua zaidi. Bodi ya Mikopo ina mafungu tofauti: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Si kila mtu anapata yote. Fani hii ina matumizi ambayo wenzako wa kozi nyingine hawanayo: kompyuta mpakato yenye nguvu ya kubeba ramani, kuchapa karatasi kubwa za A1 na A0, nauli za kwenda eneo la mradi. Wengi huwa hawajapanga hilo, bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia linaishia kwenye chipsi, na wiki ya kukabidhi kazi wanakopa. Kitanda cha bure kwa shangazi Dodoma ni msaada mkubwa, sikatai. Ila msikilinganishe na ada ya mwaka mmoja pekee. Kilinganisheni na kazi ya miaka thelathini inayofuata.

Je, kazi zipo? Nafasi za Afisa Mipangomiji hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, ni chache kwa idadi ya wahitimu, na usaili una watu. Anayekuahidi kwamba ukimaliza utaajiriwa serikalini anakufariji. Lakini fani hii haiishii serikalini. Urasimishaji wa makazi uliwapa kazi kampuni binafsi nyingi za mipangomiji, na hapo vijana wengi walipata uzoefu wao wa kwanza. Kuna mashirika yanayolipia mipango ya vijiji. Kuna miradi mikubwa: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na kabla ya bomba lolote kulazwa lazima mtu atambue ardhi ni ya nani, inatumikaje na anayehamishwa anahamia wapi. Wanaochukuliwa kwa kazi za namna hiyo ni wanaojua kutengeneza ramani kwa kompyuta, kuandika taarifa inayosomeka, na kukaa na watu bila kuwafokea. QGIS ni programu ya bure ya kutengeneza ramani. Unaweza kuanza kujifunza mwezi huu, kabla chuo hakijafungua.

Tena wewe ni mwanamke, na kwenye kazi hii hilo lina faida ambayo wanaume hawaisemi. Ukienda kuhakiki nyumba kwa nyumba, mchana wanaokuwepo ni kina mama. Wao ndio wanaojua kisima kipi kina maji ya chumvi na uchochoro upi hauingii gari la zimamoto. Mwanamume anasimama barazani anapewa salamu. Wewe utakaribishwa uani.

Uamuzi wangu kwako ni huu. Jaza Ardhi, mipangomiji na mikoa, chaguo la kwanza. Chaguo la pili palepale weka mipango ya makazi na miundombinu, baada ya kupata jibu la Bodi kuhusu usajili. Dodoma nako omba, kwenye shahada ya maendeleo ya miji, ukiwa na jibu la Bodi vilevile. Vyuo viwili vikikuchagua, utatakiwa uthibitishe kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa, na muda wa kuthibitisha huwa mfupi, kwa hiyo laini ya simu uliyoandikisha isipotee wala isikae kwa kaka. Mikopo omba mapema, dirisha likifunguliwa tu.

Kabla ya hapo, nenda ofisi ya mipangomiji ya Jiji, ujitambulishe, uombe ukae asubuhi moja kwenye lile benchi la nje usikilize watu wanaleta mambo gani. Ukitoka pale bado unaipenda kazi hii, mwonyeshe baba jibu langu. Na cheti chako cha kuzaliwa, kama hakijahakikiwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, anza nacho hicho Jumatatu, kwa sababu kila msimu wa mikopo kuna watoto wanaokwama pale tu.